Sakafu ya Kuanikia: Mifuko Mingapi ya Saruji?

Kila mwaka, mchumo unapokaribia, ofisi ya chama hupata swali moja kutoka Konde, kutoka Wete, kutoka Mtambile na kwengineko: "Nataka kumwaga zege uwanjani kwangu nipate mahali pazuri pa kuanikia. Ninunue mifuko mingapi ya saruji?" Na kila mwaka jawabu letu lilikuwa lile lile: muulize fundi. Jawabu hilo sasa tumeliacha, na sababu ya kuliacha tuliipata mbali sana na visiwa vyetu, huko Ikolo, wilaya ya Kyela, mwisho wa kaskazini wa Ziwa Nyasa.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa Agosti tulikwenda Mbeya kutazama maonesho ya Nane Nane katika kiwanja cha John Mwakangale. Mzee mmoja mwanachama wetu wa Konde alitupa mzigo mdogo tumpelekee mwanawe, ambaye amekwenda Kyela kwa biashara ya mchele, akaoa huko, akakaa. Basi maonesho yalipokwisha tulipanda gari, tukapita Tukuyu penye baridi na migomba, tukateremka mpaka joto likaturudia kama la kwetu, tukafika Ikolo jioni. Kijana alitupokea vizuri. Lakini tulipokaa barazani tukaona mbele ya nyumba sakafu kubwa ya zege, mpya, na katikati yake mshono umekwenda upande kwa upande kama kovu la kisu. Upande mmoja rangi yake ya kijivu iliyokolea, upande wa pili nyeupe zaidi. Tukamwuliza, "Mwanetu, huu ni urembo?" Akacheka kidogo, akasema, "Ami, huo si urembo. Huo ni hesabu."

Akatueleza. Mchele wa Kyela hatuna haja ya kuusifu, maana hata kwetu wapishi wa shughuli huutafuta kwa jina. Lakini nchi ile ina maji mengi. Mvua yake kwa mwaka hupita milimita 2,000, na masika huvuta mpaka Mei, wakati mpunga unavunwa. Mpunga ukivunwa na unyevu ukakaa katika lundo, huchemka, hubadilika rangi, hata kuota. Basi kijana akaazimia kufanya sakafu ya kuanikia mpunga na kakao, urefu mita 8, upana mita 6, na wakwe zake akawaahidi: msimu huu leteni kwangu. Fundi wa pale, mtu mzima na mwenye sifa, akaitazama sehemu, akasema, "Mifuko ishirini." Ikanunuliwa ishirini. Kazi ikaanza asubuhi, na kabla ya alasiri saruji imekwisha na sakafu imefika nusu. Duka la karibu halina hata mfuko mmoja. Saruji nyengine ilifika siku ya nne. Katikati ya siku hizo ilinyesha mvua, na magunia saba ya mpunga wa mama mkwe wake, ambayo yalikuwa yakingojea sakafu, yakaota. Magunia saba! Mwenye mkwe atafahamu uzito wa jambo hili bila ya sisi kulieleza.

Tulikaa na kijana yule usiku kucha kwa karatasi na kalamu, na haya tunayoyaandika ndiyo tuliyoyapata. Tunayaandika kwa ajili ya karafuu, maana hasara ya mpunga ulioota na hasara ya karafuu iliyoingia ukungu ni ndugu moja.

Kwanza tuondoe shaka moja. Hatusemi karafuu zimwagwe juu ya zege tupu. Karafuu yataka jamvi, jamvi safi, na jamvi nalo lataka pahali pakavu, palipo sawa, pasipotoa vumbi wala unyevu kutoka chini. Zege ni kitanda tu, na jamvi ndilo shuka. Mwenye sakafu ya zege hupata faida nyengine pia: mvua ikija ghafla, hukunja majamvi akakimbia, na mvua ikipita sakafu hukauka kwa muda mfupi, akarudi kuanika siku ile ile. Mwenye uwanja wa udongo hungojea mpaka kesho, na karafuu zimelundikana ndani zinapata joto.

Sasa, kabla ya saruji, ni ukubwa gani wa sakafu? Hapa wengi wetu hupima kwa tamaa. Njia ya kweli ni nyepesi: chukua pishi moja ya karafuu mbichi zilizokwisha kuchambuliwa, zitandaze juu ya jamvi kwa wepesi unaoutaka, kisha pima mahali zilipoenea. Tuseme pishi moja imechukua nusu ya mita ya mraba. Tuseme pia wachumaji wako huleta pishi 15 kwa siku. Hizo zataka mita za mraba saba na nusu kila siku. Karafuu hukauka kwa siku nne au tano za jua zuri, na zaidi kukiwa na mawingu. Tukihesabu siku sita ili tusije tukabanwa, saba na nusu mara sita ni 45. Basi mtu huyu anahitaji sakafu kiasi cha ile ya Ikolo, ambayo ni mita 8 mara 6, yaani mita za mraba 48. Mwenye mikarafuu michache asijengewe uwanja wa mpira.

Tukija kwenye zege, hesabu yake ni urefu mara upana mara unene. Hapo kila mtu anakubali, kisha hapo hapo wengi huteleza, kwa kuwa urefu na upana hupimwa kwa mita na unene husemwa kwa inchi au sentimita. Unene wa sentimita 10, ambao ni karibu sawa na inchi 4, ni sehemu ya kumi ya mita. Kwa hiyo 48 mara sehemu moja ya kumi ni 4.8, yaani mita za ujazo nne na nukta nane. Hicho ndicho kiasi cha zege. Unene huo watosha kwa watu, majamvi, na mkokoteni. Ikiwa lori litapanda juu yake, mambo ni mengine, na nondo zitatakiwa. Lakini sisi tunaanika karafuu, hatuegeshi malori.

Mita ya ujazo ni neno la ofisini, na fundi wetu hana chombo cha kulipimia. Chombo alichonacho ni ndoo ya lita 20. Basi tuigeuze: mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani ndoo 50. Zege letu la 4.8 ni ndoo 240. Ikisemwa hivyo, hata mtoto wa darasa la nne ataiona sakafu katika ndoo.

Inabaki kujua mfuko mmoja wa saruji hutoa ndoo ngapi za zege. Mfuko wa kilo 50, ukimwagwa bila ya kushindiliwa, hujaza kiasi cha lita 35, yaani ndoo moja na robo tatu. Kipimo chema cha sakafu ya nje ni moja, mbili, nne: sehemu moja saruji, mbili mchanga, nne kokoto. Kwa mfuko mmoja itakuwa ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto. Ukijumlisha zote ni ndoo kumi na mbili na robo. Na hapa ndipo mwenye haraka hudanganyika, akadhani atapata ndoo kumi na mbili za zege. Hazipati. Chukua gunia la nazi, umimine juu yake pishi ya mtama. Gunia halizidi kimo, kwa kuwa mtama huingia katika nafasi zilizo baina ya nazi. Zege ni vivyo hivyo: mchanga huingia baina ya kokoto, saruji huingia baina ya chembe za mchanga, na maji hupita kote. Zile ndoo kumi na mbili na robo zikichanganywa na kushindiliwa hubaki ndoo nane. Ndoo nane kwa mfuko. Mwanachama asiyetaka kushika jengine lolote katika makala haya, na alishike hili.

Basi ndoo 240 tukigawa kwa 8 tunapata mifuko 30. Tuongeze sehemu moja ya kumi kwa zege linalomwagika, linalobaki katika toroli, na udongo uliobonyea hapa na pale: mifuko mitatu. Jumla ni 33. Mchanga ni 33 mara tatu na nusu, yaani ndoo 115 na nusu, kiasi cha mita za ujazo 2.3. Kokoto ni 33 mara saba, ndoo 231, kiasi cha mita za ujazo 4.6.

Wazee wetu waliozoea futi wasione kwamba tumewatupa. Sakafu ya futi 26 kwa 20 ni futi za mraba 520. Unene wa inchi 4 ni thuluthi ya futi, kwa hiyo zege ni futi za ujazo 173. Mfuko mmoja kwa kipimo kile kile hutoa futi za ujazo tano na nusu na kitu. Gawa, utapata mifuko 31, na pamoja na ziada ni 34. Mfuko mmoja umezidi kwa sababu futi hizo ni kubwa kidogo kuliko mita zetu. Waliosoma hesabu za mirathi chuoni, wakagawa thumuni na sudusi kwa vichwa, hawana haja ya kuiogopa thuluthi ya futi.

Sasa turudi Ikolo. Ikiwa jawabu ni 33, fundi alipata wapi 20? Tulitaka kumlaumu, lakini kijana mwenyewe alitukataza, akamwita. Mzee yule alikuja, akakaa, akasikiliza kwa adabu, kisha akatueleza kwamba yeye maisha yake yote humwaga zege chini ya nyumba kwa kipimo cha moja, tatu, sita. Tukapiga hesabu yake. Kwa kipimo hicho mfuko hutoa kiasi cha ndoo kumi na moja na kitu, na ndoo 240 zataka mifuko 21. Ukikaza roho, 20. Fundi hakukosea! Alihesabu zege jengine. Zege la moja, tatu, sita lafaa chini, litakapofunikwa na sakafu nyengine. Nje, penye mvua na jua na majembe ya kukokotea mpunga, hutoa vumbi na kulika. Kijana alikuwa ametaka moja, mbili, nne, kwa kuwa aliambiwa na mtu Mbeya, na siku ya kazi wakachanganya hivyo. Hakuna aliyemwambia fundi kabla ya saruji kununuliwa. Watu wawili walikuwa na sakafu mbili vichwani, na kila mmoja akadhani mwenzake anaiona yake.

Lakini hata hivyo hesabu yetu haikutimia. Mifuko 20 kwa kipimo kizuri ni ndoo 160. Ndoo 160 ni thuluthi mbili za 240, kwa hiyo ilipasa zege lifike thuluthi mbili ya sakafu. Mbona lilikoma nusu? Hapo tulikaa muda mrefu. Kahawa ikaja, ikaisha. Mwisho fundi mwenyewe ndiye aliyegundua, akapiga goti lake kwa kiganja. Mteremko!

Sakafu ya nje haina budi kuinama kidogo ili maji yasisimame. Sentimita moja kwa kila mita yatosha. Upana wa sakafu ni mita 6, kwa hiyo upande wa juu wazidi upande wa chini kwa sentimita 6. Wao walikuwa wamesawazisha udongo vizuri kwa pima maji, ukawa sawa kama meza, kisha mteremko wakautafuta kwa zege. Upande wa chini zege lilikuwa sentimita 10, upande wa juu likawa 16. Wastani wake si 10 tena, ni 13. Ndoo 160 ni mita za ujazo 3.2, kwa unene wa sentimita 13 hufunika mita za mraba 24 na kitu. Nusu ya 48 ni 24. Tulipoona namba zimekutana tulinyamaza sote. Halafu mama mkwe, ambaye alikuwa amekaa mlangoni akisikiliza bila kusema neno, akasema, "Ndaga fijo," nayo kwa Kinyakyusa ni ahsante sana, akaingia ndani. Mpaka leo hatujui kama ilikuwa shukrani au kitu chengine.

Sentimita tatu zile zilizozidi zilikuwa na gharama gani? Mita za mraba 48 mara sentimita 3 ni ndoo 72 za zege, yaani mifuko tisa. Mifuko tisa iliyolala upande wa juu wa sakafu, haimfai mtu chochote. Mteremko hufanywa kwa udongo na kifusi, kabla ya zege. Udongo ndio unaoinama, na zege hulala juu yake likiwa na unene mmoja kila mahali. Vuta uzi kutoka ukingo mpaka ukingo, kisha pita na kijiti chenye alama ya sentimita 10 ukipima chini ya uzi mahali kumi au kumi na tano. Palipozidi, jaza kifusi, shindilia. Kifusi ni rahisi kuliko saruji, na jasho ni rahisi kuliko vyote viwili.

Kwa kifusi chenyewe, Ikolo ni nchi tambarare karibu na ziwa, na maji ya masika hutanda. Kwa hiyo kijana alinyanyua mahali pake kwa sentimita 30. Hesabu yake ni 48 mara 0.30, ni mita za ujazo 14.4 baada ya kushindiliwa. Kifusi kilicholegea hupungua kikishindiliwa, basi ongeza robo: 18. Wenye vilima kama sisi wa Pemba aghalabu hatuhitaji kunyanyua hivyo, ila mwenye kukata ukingo wa kilima asimwage zege nusu juu ya udongo wa asili na nusu juu ya udongo aliouhamisha jana. Nusu ile ya pili itazama, na sakafu itapasuka mstari ule ule.

Yafaa kusema juu ya lori. Muuza mchanga huuza kwa tripu, na tripu si kipimo. Chukua utepe, pima boksi la gari kwa ndani: kama ni mita 3 kwa 1.8 kwa 0.45 za kina, boksi hilo huchukua mita za ujazo 2.43. Kokoto zetu 4.6 ni tripu mbili. Mchanga 2.3 waonekana kuwa tripu moja, lakini mchanga wenye unyevu huvimba, hata robo, kwa hiyo tripu moja ya mchanga mbichi si tripu moja ya mchanga mkavu. Agiza moja na nusu au mbili. Kinachobaki kitapiga lipu kingo. Tena kwetu visiwani mchanga ni adimu na huchimbwa kwa ruhusa, basi asije mtu akasema atachota pwani. Mchanga wa pwani una chumvi. Chumvi huvuta unyevu, nasi tunajenga mahali pa kukausha! Huko Nyasa maji ya ziwa ni matamu na mchanga wake hauna chumvi, ila mwingi ni mwembamba mno. Wenyeji wenye busara huchukua ule mkali wa mito inayoteremka kutoka milima ya Rungwe.

Kokoto zetu za mawe ya matumbawe hunywa maji. Zirowesheni kidogo kabla ya kuchanganya, kisha msizidishe maji katika zege lenyewe. Kwa mfuko mmoja, ndoo moja na robo ya maji mpaka moja na nusu, na pungufu ikiwa mchanga umelowa. Zege linalotiririka kama uji hupendeza kwa mwenye koleo, na huja kumchukiza mwenye sakafu.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo lingemwokoa kijana wetu hata pamoja na makosa yote yale mawili. Usimwage sakafu nzima kama kipande kimoja. Igawe kwa mbao. Sakafu ya mita 8 kwa 6 hugawika vizuri kuwa vipande vinane, kila kimoja mita 2 kwa 3. Mwaga kimoja, ruka kimoja, kama ubao wa dama. Kesho yake au keshokutwa ondoa mbao, mwaga vilivyobaki. Zege likikauka hunywea, na nyufa zikitaka kuja zitakuja pale kwenye maungo, mahali ulipozikaribisha. Na saruji ikikwisha, kazi husimama kwenye ubao ulionyooka, si katikati kwa ukingo wa mteremko uliochakaa kama wa Ikolo. Wao walilazimika kukata ukanda wa nusu mita kwa urefu wa mita 6 wakautupa, karibu mifuko miwili na nusu na kutwa nzima ya nyundo, na bado kovu limebaki na punje za mpunga hukwama humo.

Faida ya tatu ya vipande ndiyo tunayoipenda zaidi. Kipande kimoja cha mita 2 kwa 3, kwa unene wa sentimita 10, ni ndoo 30, yaani mifuko minne kasoro robo. Ukimaliza kipande cha kwanza, hesabu mifuko mitupu. Ikiwa ni minne, endelea. Ikiwa imekwenda mitano, simama! Ardhi iko chini kuliko ulivyodhani, au fundi anatafuta mteremko kwa zege, au kipimo kimebadilika. Unajua hayo saa mbili za asubuhi, mifuko 28 ikiwa bado imefungwa, na duka liko wazi. Kijana wa Ikolo alijua mchana, mfuko wa ishirini ukiwa mtupu.

Kwa mfano wa sakafu yake kama ilivyokuwa, na mteremko wa zege, jumla ingekuwa mita za ujazo 6.24, ndoo 312, mifuko 39, na pamoja na ziada 43. Zaidi ya mara mbili ya iliyonunuliwa.

Wapo watakaosema, basi ninunue 50 nilale usingizi. Tunaye mwanachama aliyefanya hivyo. Mifuko kumi na mmoja ilibaki, akaipanga bandani juu ya sakafu, ikiegemea ukuta, na alipokuja kuitazama baada ya masika imekuwa mawe kumi na moja yenye umbo la mito ya kulalia. Saruji hunywa unyevu wa hewa. Ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, ifunikwe nailoni, na itumike ndani ya mwezi au miwili. Yenye madonge yasiyovunjika kwa vidole isitiwe katika sakafu. Na kwa wale wanaosikia kwamba mijini kama Dar es Salaam zege huagizwa likiwa tayari, likaletwa na gari lenye pipa linalozunguka, ni kweli, na huuzwa kwa mita ya ujazo, lakini gari hilo halitapanda vijia vya Konde kwa ajili ya mita nne na nusu.

Baada ya kumwaga, sakafu inywe maji siku saba. Ikolo walifunika kwa majani ya migomba wakimwagilia asubuhi na jioni. Kwetu makuti au magunia yafaa vile vile. Wengi huacha siku ya pili wakiona imekuwa ngumu. Imekuwa ngumu juu tu. Kisha iachwe mpaka itimize siku 28 kabla ya kubebeshwa mizigo, kwa hiyo anayetaka kuanikia mchumo huu ahesabu kurudi nyuma: wiki nne za kukomaa, siku tatu au nne za kumwaga, wiki ya kifusi, na siku za kungojea lori lisilokuja siku lililoahidi.

Kijana wa Ikolo ametuandikia tangu wakati ule. Ameongeza sakafu ndogo ya pili upande wa nyuma, mita 5 kwa 4, unene sentimita 10, mteremko umefanywa kwa kifusi. Alihesabu mita za ujazo 2, ndoo 100, mifuko kumi na mbili na nusu, akanunua 14. Ilibaki mmoja kasoro kidogo. Asema mama mkwe alisimama pale tangu kipande cha kwanza mpaka cha mwisho, akihesabu mifuko mitupu kwa sauti.

Ofisi imetengenezesha kisanduku cha mbao cha kupimia, chenye ujazo wa lita 35, sawa na mfuko mmoja, ili mchanga na kokoto zipimwe bila ya ugomvi wa ndoo kubwa na ndoo ndogo. Kipo kimoja tu. Mwanachama anayekitaka aje asubuhi, siku yoyote isipokuwa Ijumaa, aandike jina na siku atakayokirudisha, na akirudishe kimeoshwa.